Mwanza hadi Bukoba: Dakika 40 za angani si dakika 40 za biashara

UKIPIMA kwa rula kwenye ramani, viwanja vya ndege vya Mwanza na Bukoba vimetenganishwa na kilomita 175 hivi, na sehemu kubwa ya umbali huo ni maji ya Ziwa Victoria. Ndege ya pangaboi aina ya ATR, yenye mwendo wa kilomita 500 kwa saa, ingeumaliza kwa dakika 21 kama ingeanza na kumaliza ikiwa na kasi hiyo hiyo. Lakini ndege huanza kwa kujivuta uwanjani, hupanda, hushuka na kupunguza mwendo. Ndiyo maana safari hiyo huchukua dakika 35 hadi 45. Kwa ndege ndogo ya injini moja ongeza dakika kumi hivi.

Hizo ndizo namba tunazozisikia kila linapozuka suala la usafiri wa Kanda ya Ziwa. Ni namba za kweli. Kosa ni kuzichukua kama zilivyo na kuziingiza kwenye mipango ya biashara. Mkulima wa Muleba au mfanyabiashara wa Kirumba hanunui dakika za angani. Ananunua muda wote unaopita tangu mzigo utoke mkononi mwake hadi umfikie mnunuzi, pamoja na uhakika kwamba utafika ukiwa salama.

Hoja yangu ni kwamba kwa mkulima na mchuuzi wa kanda hii, umbali kati ya viwanja hivi viwili haupo hewani. Upo ardhini: kwenye foleni, kwenye mzani, kwenye jua la uwanjani na kwenye mawingu ya asubuhi. Tukitaka ndege imsaidie mzalishaji mdogo, fedha na akili vielekezwe huko.

Hesabu ya mlango kwa mlango

Tuanze na abiria wa kawaida anayetoka katikati ya jiji la Mwanza. Uwanja uko Ilemela, kilomita kumi hivi kutoka mjini. Weka dakika 30 hadi 45 za kufika kutegemeana na foleni. Weka saa moja na nusu ya kuripoti mapema, kukaguliwa na kusubiri. Weka dakika 40 za safari yenyewe, kisha dakika 20 za kupokea mizigo. Bukoba ina bahati moja: uwanja wake uko mjini kabisa, kando ya ziwa, hivyo bodaboda itakufikisha sokoni kwa dakika chache. Jumla ni saa tatu na zaidi kidogo. Ndege yenyewe imechukua kama moja ya tano tu ya muda huo.

Sasa njoo kwenye basi. Kwa barabara kupitia Sengerema, Geita, Biharamulo na Muleba, ni zaidi ya kilomita 400, kwa sababu barabara inalizunguka ziwa ambalo ndege inalikata. Ni safari ya karibu siku nzima ya kazi. Hapa ndege inashinda kwa saa nne au tano.

Meli ni habari nyingine. MV Victoria, iliyorudi majini mwaka 2020 baada ya ukarabati mkubwa na yenye uwezo wa kubeba abiria 1,200, husafiri usiku. Kwa saa, meli ndiyo ya mwisho. Lakini kwa siku za kazi huenda ikawa ya kwanza, maana mfanyabiashara anafunga duka jioni, analala njiani na asubuhi anaamkia sokoni. Hajapoteza saa hata moja ya kuuza. Ukiongeza kwamba amelala bila kulipia nyumba ya wageni, utaona kwa nini akina mama wa ndizi hawajawahi kuiona ndege kama mshindani wa meli.

Kwa hiyo jibu la swali "kipi kina kasi zaidi" linategemea unahesabu nini. Anayehesabu saa za njiani atasema ndege. Anayehesabu saa za kazi zilizopotea anaweza kusema meli. Na anayehesabu gharama ya kilo moja ya mzigo atakuwa na jibu la tatu.

Daraja limebadilisha mizani

Kwa miaka mingi basi na lori vilikuwa na adui mmoja, nacho ni kivuko cha Kigongo na Busisi. Maji yenyewe hayakuwa mengi, lakini kusubiri zamu kulikula saa nzima, wakati mwingine saa mbili na zaidi. Mwenye lori la nyanya au samaki alikuwa anatazama mali yake ikiharibika huku ng'ambo akiiona kwa macho.

Tarehe 19 Juni 2025 daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita tatu hivi, lilifunguliwa katika eneo hilo. Kuvuka sasa ni suala la dakika chache. Ramani haikubadilika sana, kwa sababu Bukoba bado iko zaidi ya kilomita 400 kwa barabara. Kilichobadilika ni kwamba dereva anaweza kumwambia mteja wake saa ya kufika na akaitimiza.

Hilo lina funzo kubwa kuhusu viwanja vya ndege pia. Daraja halikuongeza mwendo wa lori hata kidogo. Liliondoa kusubiri. Na faida ya kuondoa kusubiri imemfikia hata mwenye magunia mawili ya dagaa ndani ya basi. Kama tunataka ndege nazo zimfikie mtu wa namna hiyo, tuanze kwa kuuliza: ni wapi mzigo unasubiri?

Mzigo gani upande ndege?

Wahenga wa biashara wanasema mali bila daftari hupotea bila habari. Basi tufungue daftari. Namba zifuatazo ni za mfano tu. Msomaji aweke bei halisi za siku yake.

Tuseme mzigo wa ndege unatozwa Sh2,500 kwa kilo. Mkungu wa ndizi wa kilo 25 utalipiwa Sh62,500. Kama mkungu huo unauzwa Sh15,000, umekula hasara kabla ndege haijawasha injini. Ndizi ni ya meli na lori, na ndiyo maana bandari ya Kemondo ina maana kubwa kwa mkulima wa migomba kuliko uwanja wowote wa ndege. Meli ya MV Mwanza, iliyoundwa kubeba tani 400 za mizigo pamoja na abiria 1,200, inamhusu mkulima huyo zaidi ya ndege mpya kumi.

Sasa chukua mfugaji wa Muleba anayeagiza vifaranga 500 vya siku moja kutoka Mwanza. Kifaranga akitoka kwenye yai hubaki na akiba ya kiini tumboni inayomwezesha kukaa siku mbili hivi bila chakula. Kwa hiyo njaa si tishio kubwa katika safari hii. Vinavyomuua ni joto, msongamano na mtikisiko. Vifaranga 500 na maboksi yake vina uzito wa kilo 25 hivi. Kwa ndege ni Sh62,500. Kwa basi tuseme ni Sh15,000. Tofauti ni Sh47,500.

Kama kifaranga mmoja ni Sh2,000, na kwa basi hufa 40 wakati kwa ndege hufa 10, umeokoa vifaranga 30, yaani Sh60,000. Ndege imelipa, na umebaki na Sh12,500. Lakini kama kwa basi wanakufa 20 tu, umeokoa Sh20,000 kwa kutumia Sh47,500. Hapo panda basi. Mfugaji asiyeandika idadi ya vifo vya kila safari hawezi kujua yuko upande upi, na atabaki kubishana na wenzake kwa hisia.

Vanila iliyokaushwa ni mfano wa tatu, na huu huwachanganya wengi. Bei yake kwa kilo ni kubwa, kwa hiyo nauli ya ndege huonekana ndogo. Lakini vanila iliyokaushwa vizuri haiozi kwa usiku mmoja. Haraka haihitajiki. Kinachoweza kuipeleka kwenye ndege ni usalama wake dhidi ya wezi, au mnunuzi aliyeweka tarehe ya mwisho.

Mfano wa nne ni kipuri. Mashine ya kukoboa kahawa ikiharibika katikati ya msimu, kipuri cha kilo mbili kinaweza kuwa na bei ndogo, lakini kila siku mashine inaposimama wakulima wanarudi na magunia yao. Hapa hutazami thamani ya kipuri. Unatazama hasara ya siku moja ya kusimama. Hivyo hivyo kwa sampuli za kahawa zinazosubiriwa na wanunuzi, chanjo za mifugo zinazohitaji ubaridi, na nyaraka za mikopo zenye siku ya mwisho.

Kutokana na mifano hiyo yanatoka maswali matatu ya kujiuliza kabla hujakata tiketi ya mzigo. Kwanza, nauli ni sehemu gani ya bei ya kilo sokoni? Pili, mzigo unapoteza kiasi gani kwa kila saa ya njiani? Tatu, ukichelewa siku moja, nani atakudai na kiasi gani? Mzigo ambao haukupata jibu zito kwenye swali la pili au la tatu hauna sababu ya kuruka, hata kama mwenyewe una uwezo wa kuulipia.

Mawingu ya asubuhi

Ratiba huandikwa kana kwamba kila siku ni kweupe. Bukoba haiko hivyo. Mji huo hupata mvua inayokaribia milimita 2,000 kwa mwaka, nyingi kuliko Mwanza. Usiku ziwa hubaki na joto kuliko nchi kavu, hewa hukusanyika juu ya maji na kupanda, mawingu ya radi hujijenga, kisha upepo wa mashariki huyasukuma kuelekea pwani ya magharibi. Matokeo yake, ngurumo za Bukoba hupenda alfajiri na asubuhi, saa zile zile ambazo mfanyabiashara angependa awe ametua.

Tarehe 6 Novemba 2022 tulikumbushwa kwa uchungu. Ndege aina ya ATR 42 iliyotoka Dar es Salaam ikiwa na watu 43 ilianguka ziwani asubuhi ilipokuwa ikijaribu kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa. Watu 19 walipoteza maisha. Wavuvi wa eneo hilo walikuwa miongoni mwa wa kwanza kufika kuokoa, kwa mitumbwi yao. Na kanda hii ilikuwa bado haijasahau Mei 21, 1996, MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza ikitokea Bukoba na kuua mamia ya watu.

Sizitaji ajali hizi ili kumtisha msafiri. Nazitaja kwa sababu usalama nao ni sehemu ya gharama za usafiri, ingawa hauandikwi kwenye tiketi. Rubani anayeahirisha kutua au anayerudi Mwanza kwa sababu ya mawingu anafanya kazi yake vizuri. Mfanyabiashara naye afanye yake kwa kuweka nafasi ya kuchelewa ndani ya mipango. Aliyemwahidi mteja kifaranga saa 3 asubuhi kwa sababu ndege inatua saa 2 na nusu amejifunga kamba mwenyewe.

Wastani wa dakika 40 hauna thamani kubwa kwa mwenye mzigo unaoharibika kama safari moja kati ya kadhaa inasogezwa hadi mchana au kesho. Kwake, safari ya saa nane isiyobadilika inaweza kuwa bora kuliko ya saa moja isiyotabirika.

Jirani wa kaskazini

Kuna jambo moja ambalo ramani ya nchi hutuficha. Kwa mstari wa moja kwa moja, Bukoba iko umbali unaokaribia kulingana na kwenda Mwanza na kwenda Entebbe nchini Uganda. Entebbe ni kilomita 170 hivi. Kwa barabara, kupitia Mutukula na Masaka, Entebbe ni kilomita 300 na ushei, yaani karibu kuliko Mwanza. Na Entebbe ndiko kwenye ndege za mizigo ziendazo moja kwa moja Ulaya na Uarabuni, zenye mawakala waliozoea maua, mboga na samaki.

Kwa miaka mingi minofu ya sangara kutoka viwanda vya Mwanza yenyewe imekuwa ikipakiwa kwenye malori yenye majokofu na kupelekwa Nairobi au Entebbe kupanda ndege, ingawa Mwanza ina njia ya kurukia inayozidi kilomita tatu. Kwa nini? Kwa sababu ndege ya mizigo haifuati umbali mfupi. Inafuata mahali penye mzigo wa kwenda na wa kurudi, kila wiki, bila kukosa. Uwanja mkubwa usio na mzigo wa uhakika ni lami tu.

Kwa hiyo mkulima wa Kagera anayelenga soko la nje asidhani lazima mzigo wake upite Mwanza ndipo uruke. Apige hesabu ya Mutukula pia, pamoja na kibali cha afya ya mimea, cheti cha asili ya bidhaa na gharama za wakala wa forodha. Mpaka huo una kituo cha huduma za pamoja, na bidhaa zinazokidhi masharti ya Jumuiya ya Afrika Mashariki hazitozwi ushuru wa forodha kati ya nchi wanachama. Kwenda Entebbe kwa njia halali, na nyaraka zikiwa mkononi, si usaliti kwa uwanja wa nyumbani.

Nini kifanyike

Kila mara viwanja vya mikoani vinapozungumzwa, viongozi hutaja urefu wa njia ya kurukia na ukubwa wa jengo la abiria. Kwa Kagera, wazo la kujenga uwanja mpya wa Omukajunguti wilayani Missenyi limezungumzwa kwa miaka mingi. Sipingi uwanja mpya. Uwanja wa sasa umebanwa kati ya mji na ziwa, na suala la usalama pekee linatosha kuhalalisha mjadala huo. Lakini tukumbuke hesabu yetu ya mlango kwa mlango. Katika safari ya dakika 40, kila dakika inayoongezwa ardhini inauma. Uwanja ukihamishiwa mbali na mji bila barabara nzuri, usafiri wa bei nafuu na mahali pa kuhifadhi mzigo, tutakuwa tumeirefusha safari kwa fedha nyingi.

Wakati mipango mikubwa ikisubiri bajeti, kuna mambo madogo yanayowezekana mapema. La kwanza ni banda la mizigo lenye chumba cha baridi na mzani unaoaminika, katika viwanja vyote viwili. Chanjo inayokaa saa moja juani imepoteza kila dakika ambayo ndege iliokoa. Chumba cha baridi chenye ukubwa wa kontena moja kinatosha kuanzia.

La pili ni bei za mizigo kubandikwa wazi, pamoja na saa ya mwisho ya kupokea mzigo. Mfanyabiashara mdogo huogopa kaunta kwa sababu hajui atatozwa nini. Akijua bei kwa kilo atapiga hesabu nyumbani, na atakuja na mzigo au atabaki na akili yake.

La tatu ni vifaa vya hali ya hewa na uokoaji. Kwa uwanja unaopakana na ziwa, boti ya uokoaji yenye wafanyakazi waliofunzwa ni ya lazima kama lilivyo gari la zimamoto. Wavuvi wa jirani nao wapewe mafunzo na vifaa, kwa kuwa wao wako majini kila siku.

La nne liko mikononi mwetu wenyewe, yaani kuunganisha mizigo. Wafugaji kumi wa Muleba na Bukoba wakiagiza vifaranga siku moja, wana mzigo wa kilo 250 wa kujadili bei. Mmoja mmoja, kila mtu ni mteja wa maboksi matano anayesubiri nafasi ikibaki. Vyama vya ushirika vya Kagera vimekusanya kahawa ya wakulima kwa miongo mingi. Hakuna kinachovizuia kukusanya oda za chanjo, miche na vipuri.

La tano, ratiba zisomane. Ndege, meli na mabasi yanayokwenda Karagwe, Ngara na Kyerwa kila kimoja kina saa zake. Abiria aliyetua akakuta basi la mwisho limeondoka amelala mjini, na faida yote ya ndege imebaki kwa mwenye nyumba ya wageni. Ofisi za biashara za mikoa hii miwili zinaweza kuwakutanisha wasafirishaji hao bila kuhitaji mfadhili.

Mkulima na mchuuzi nao wana kazi yao. Kwa safari tatu zijazo, andika saa ambayo mzigo ulitoka mlangoni kwako, saa uliyopokelewa, nauli, ulichopoteza njiani na siku ulizochelewa. Fanya hivyo kwa basi, kwa meli na kwa ndege kama umeitumia. Baada ya hapo hutahitaji mtaalamu wa uchumi akuambie upande nini. Na siku utakapoitwa kwenye mkutano kuhusu uwanja wa ndege, peleka daftari hilo. Mkuu wa wilaya anaweza kubishana na malalamiko, lakini ni vigumu kubishana na mfugaji aliyeandika idadi ya vifaranga waliokufa kwa kila safari, tarehe kwa tarehe.